Mtunze Mchungaji, Naye Atatunza Kondoo



Mradi wa kondoo unapendwa sana vijijini. Kondoo hagharimu pesa nyingi kama ng'ombe, hubeba mimba miezi mitano tu, na shida ikiingia nyumbani, iwe ni karo au hospitali, ni rahisi kuuza mmoja. Ndiyo maana kikundi kikikusanya pesa kidogo, mara nyingi mtu husimama na kusema, "Tununue kondoo."

Basi mkutano huongea juu ya bei, juu ya boma, juu ya dawa, na juu ya nani atashika kitabu cha hesabu. Mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka, ndipo mtu huuliza, "Na nani atachunga?" Jibu huwa fupi: "Tutatafuta kijana."

Sisi tulio katika kazi ya maendeleo tunaona kwamba miradi mingi huanza kufa hapo. Kondoo anakaa na mchungaji saa kumi au zaidi kila siku. Daktari wa mifugo humwona mara chache kwa mwaka, na mwenyekiti wa kikundi humwona siku ya kuhesabu. Kwa hiyo mali ya kikundi iko mikononi mwa mtu ambaye kikundi hakikumfikiria. Katika makala hii tutaeleza kazi ya mchungaji wa kondoo, hatari zake, haki zake, na faida ambayo kikundi hupata kikimtunza vizuri. Tutachukua mfano wa Kajiado, lakini mambo mengi yanafaa pia kwa wenzetu wa Narok, Machakos na Laikipia.

NANI ANACHUNGA SIKU HIZI?

Zamani katika boma la Wamaasai kazi ya kuchunga ilikuwa ya familia. Watoto wadogo walianza na wanakondoo karibu na nyumba, wakubwa kidogo wakachunga kondoo na mbuzi, na vijana wakaenda na ng'ombe mbali. Mtoto alijifunza polepole, mzee akimsahihisha kila jioni. Kondoo wenyewe walikuwa na heshima yao. Mafuta ya mkia wa kondoo yalimpa nguvu mama aliyejifungua, na mpaka leo bado yanatumika hivyo.

Mambo yamebadilika. Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka 2003 na watoto wengi wakaingia darasani, jambo ambalo tunalifurahia. Ranchi za jamii, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, nyingi zimegawanywa mashamba ya mtu mmoja mmoja. Mahali ambapo kundi lilipita bila kuuliza mtu, leo pana ua. Vijana wengi wametafuta kazi mjini. Kwa hiyo wenye mifugo wengi wa Kajiado sasa wanaajiri mtu wa kuwachungia, na wengine wa wachungaji hao wametoka kaunti nyingine au ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

Huyu mtu mara nyingi yuko peke yake. Hana ukoo hapo, hana shamba hapo, na kwenye baraza la chifu hana sauti. Jina lake wengine hawalijui, wanasema tu "yule wa kondoo". Lakini yeye ndiye anayejua jike gani alikohoa jana.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Watu wengine hufikiri kuchunga ni kukaa chini ya mti. Wacha tuifuate siku ya mchungaji anayejua kazi.

Asubuhi, kabla ya kufungua boma, anawatazama kondoo wakiwa bado ndani. Nani hakusimama? Nani ameinamisha kichwa? Mavi yako sawa, ama kuna anayehara? Akifungua, anasimama mlangoni na kuwahesabu wakitoka. Anayetoka nyuma ya wengine leo na kesho ana shida.

Hawapeleki mapema sana kwenye majani yenye umande, hasa wakati wa mvua. Vijiminyoo vidogo visivyoonekana hupanda juu ya majani mabichi yenye maji, na kondoo huvila pamoja na majani. Jua likikausha umande, hatari hupungua.

Malishoni, kondoo si mbuzi. Mbuzi hupenda vichaka na majani ya miti, kondoo hupenda nyasi fupi za chini. Wakikaa mahali pamoja siku nyingi, wataila mpaka mizizi na kubaki na vumbi na minyoo. Kwa hiyo mchungaji huwabadilishia njia. Anaacha sehemu ipumzike, na sehemu iliyo karibu na nyumba anaiwekea wanyonge na wenye watoto. Wamaasai walikuwa na desturi hiyo ya kuhifadhi malisho ya karibu tangu zamani, na bado ni mafunzo mazuri kwa kikundi chochote.

Jua likiwa kali kondoo huacha kula. Husimama pamoja, kila mmoja akificha kichwa chini ya tumbo la mwenzake. Asiyejua kazi atawapiga waendelee. Anayejua atawapeleka kivulini, na jioni kukipoa atawaacha wale tena. Hali kadhalika maji. Hawaruhusu wakimbilie kisima wote kwa pamoja, kwa sababu kondoo wakisukumana, wadogo hukanyagwa.

Na kuna ulinzi. Mbuzi akishikwa na fisi atapiga kelele kijiji kizima kisikie. Kondoo hufa kimya. Mchungaji akisinzia anaweza kupoteza watatu asijue mpaka saa ya kuhesabu. Usiku nao kuna chui, fisi, na pengine simba. Tukumbuke kwamba taa zinazomweka usiku kuwafukuza simba zilibuniwa na mvulana mchungaji, Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake karibu na mbuga ya Nairobi. Mwaka 2013 alieleza ubunifu wake mbele ya wageni wa mataifa mengi huko Marekani. Mtu anayekaa na mifugo huona mambo ambayo wengine hawaoni.

MWAKA WA MCHUNGAJI

Kondoo jike hubeba mimba karibu siku 150. Hapo mchungaji hupiga hesabu. Kajiado mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mkitaka watoto wazaliwe Aprili nyasi zikiwapo, dume apande mwezi wa Novemba. Mkitaka wazaliwe Novemba, apande Juni. Dume akiachwa huru mwaka mzima, wengine watazaliwa katikati ya kiangazi, mama hana maziwa, na mtoto atakufa. Wazee walikuwa na njia yao: walimfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande kabla ya wakati. Njia hiyo haina gharama, na inafaa hata leo.

Wakati wa kuzaa mchungaji halali vizuri. Mtoto lazima apate maziwa ya kwanza mapema, ndani ya saa chache, kwa sababu yana kinga. Kitovu kipakwe dawa. Mama anayemkataa mtoto atengwe naye mahali padogo mpaka amkubali. Kazi hii haiwezi kungoja mkutano wa kikundi.

Kisha kuna ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Wakati kama huo mchungaji hutembea mbali kutafuta majani na maji, analala nje, na chakula chake kinategemea kama mwenye mali amemkumbuka. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba majani hayatafika mwisho wa msimu. Kikundi kikimsikiliza mapema kitauza baadhi ya kondoo wakiwa bado na bei. Kisipomsikiliza kitauza ngozi.

ANAYOYAONA KABLA YA DAKTARI

Minyoo ya tumbo huua kondoo wengi polepole. Mchungaji aliyefundishwa hufunua kope la chini la jicho. Likiwa jekundu, damu iko. Likiwa jeupe, minyoo inamnyonya. Akiona pia uvimbe laini chini ya taya, hiyo ni dalili ya hatari. Huko Afrika Kusini wataalamu walitengeneza kadi yenye rangi za kope ili kila mfugaji aweze kulinganisha. Faida yake ni kwamba anayehitaji dawa ndiye anapewa. Kunywesha kundi lote kila mara kwa mazoea tu ni kupoteza pesa, na minyoo huizoea dawa mpaka haifanyi kazi tena.

Jambo la aina ya kondoo pia linamhusu mchungaji. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta, ana uwezo mkubwa wa kuvumilia minyoo kuliko aina nyingi za kigeni. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 alikuwa kila mahali katika nchi ya wafugaji. Baadaye madume ya Dorper, aina iliyotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, yalienea sana kwa sababu ni makubwa na nyama ni nyingi. Wengi wakachanganya bila mpango. Katika miaka ya 1990 watafiti walizilinganisha aina hizi mbili huko Diani, Pwani, penye unyevu na minyoo mingi, na kondoo wa Kimaasai akaonekana bora zaidi kwa mbali. Mahali pakavu tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Hatusemi Dorper ni mbaya. Tunasema kabla ya kununua dume kubwa la kupendeza, mwulizeni anayechunga kama majani, maji na dawa mlizo nazo zitamtosha.

Ugonjwa mwingine ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ulioingia Kenya mwaka 2006 kupitia Turkana. Dalili ni homa, machozi, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara na kupumua kwa shida. Hauwapati watu, lakini unaweza kumaliza kundi. Chanjo yake ni nzuri, na mataifa yameazimia kuumaliza duniani ifikapo 2030. Mchungaji akileta habari ya vidonda mdomoni, msimwambie ngojeni wiki ijayo. Afisa wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

HATARI KWA MWILI WAKE

Mengi huandikwa juu ya magonjwa ya kondoo, lakini ya mchungaji husahauliwa. Tutataja mawili.

La kwanza ni homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza hapa kwetu, kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na wataalamu wakaueleza mwaka 1931. Huja baada ya mvua kubwa na mafuriko, mbu wakiwa wengi. Kondoo wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja na wadogo hufa. Mtu huupata kwa kushika damu au mimba iliyotoka, kwa kuchinja mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 zaidi ya watu 150 walifariki hapa Kenya. Sasa tuulize: ni nani huokota ile mimba iliyotoka na kuitupa nje ya boma? Ni mchungaji, kwa mikono mitupu. Mnunulieni glavu, hata zile za bei ndogo. Mfundisheni kuzika au kuchoma mabaki, asichune wala asile mzoga, achemshe maziwa, na alale ndani ya neti. Kondoo wachanjwe kabla ya msimu wa mvua, kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

La pili ni mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Ugonjwa huu umejulikana sana Turkana kwa miaka mingi, lakini uko pia kwa wafugaji wengine. Kondoo akichinjwa, maini yenye mifuko hiyo hutupiwa mbwa. Mbwa hupata minyoo midogo, mayai hutoka na mavi yake, na mtu huyameza kwa mikono michafu au maji machafu. Mfuko hukua ndani ya mtu kwa miaka, na mara nyingi dawa yake ni upasuaji. Kuzuia ni rahisi: msimpe mbwa maini au mapafu yenye mifuko, yazikeni kwa kina au yachomeni, mbwa wapewe dawa ya minyoo, na mchungaji apate maji na sabuni. Ati sabuni ni kitu kidogo? Ni kidogo, lakini wachungaji wengi hawapewi.

SHERIA INASEMAJE?

Mchungaji wa kuajiriwa ni mfanyakazi kama wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kama hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa na aweke kidole gumba. Anastahili siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo yenye malipo kila mwaka. Mwajiri ahakikishe ana mahali pazuri pa kulala, ama alipwe pesa za nyumba, na apate maji safi na matibabu. Mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya. Serikali hutangaza kiwango cha chini cha mishahara ya kilimo, na wachungaji wametajwa humo. Ulizeni kiwango cha sasa katika ofisi ya kazi ya kaunti. Ulizeni pia juu ya NSSF na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Kuna desturi ya kumpa mchungaji kondoo jike baada ya muda fulani. Desturi hii ni nzuri sana, tunaisifu. Lakini iwe zawadi juu ya mshahara, isiwe badala ya mshahara. Na huyo kondoo awekwe alama na kuandikwa kitabuni, ili siku ya kuondoka pasiwe na maneno.

Na mtoto? Mtoto kusaidia kuchunga jioni au Jumamosi ni malezi. Kumtoa darasani akachunge ni kosa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpa mtoto wa umri wa shule kazi inayomzuia kusoma. Kikundi kinachouza kondoo kulipa karo za watoto wake, huku mtoto wa mwingine akikosa shule kwa kuwachunga kondoo hao hao, kijiulize kinajenga nini.

TUPIGE HESABU

Wengine watasema, "Hayo yote ni gharama, sisi ni maskini." Wacha tupige hesabu ya mfano. Nyinyi wekeni bei zenu.

Kikundi kina majike 30, nao wamezaa watoto 27. Mchungaji ni mzuri, watoto watatu wanakufa, wanabaki 24. Kikundi kingine kina majike 30 na watoto 27 vile vile, lakini mchungaji hajafundishwa, analipwa kwa kuchelewa, na ameondoka mara mbili mwaka huo. Watoto 12 wanakufa, wanabaki 15. Tofauti ni kondoo 9. Tukikadiria kila mmoja atauzwa shilingi 6,000, hasara ni shilingi 54,000. Mkimwongezea mchungaji shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 24,000. Mkiongeza buti, koti la mvua, tochi, glavu, neti na sabuni, bado mko mbele. Kumbe kumnyima mchungaji ndiko gharama kubwa.

Katika Injili ya Yohana, sura ya kumi, Bwana Yesu anamtaja mtu wa mshahara ambaye hatari ikija hukimbia, maana kondoo si wake. Mara nyingi tunayatumia maneno hayo kumlaumu mfanyakazi. Tuyasome pia tukiwa waajiri. Mtu ambaye hana hata mwanakondoo mmoja kundini, hajalipwa miezi miwili, na hakuna anayemwita kwa jina, abaki na kupigana na fisi kwa ajili ya nini?

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kabla ya kununua kondoo, chagueni mchungaji na mkubaliane mshahara, siku ya kulipa, na nani atamlipa. Mkilipa kwa M-Pesa, andikeni pia kitabuni.

2. Chagueni mwanachama wa kushika zamu siku ya mapumziko yake. Anayeshika zamu atajifunza mengi.

3. Mwiteni mchungaji kwenye mkutano kila mwezi, na awe wa kwanza kusema. Aeleze waliozaliwa, waliokufa, na hali ya majani.

4. Mwombeni afisa wa mifugo amfundishe mchungaji mwenyewe, si mwenyekiti peke yake. Kope la jicho ni yeye atalifunua.

5. Kondoo akipotea, chunguzeni kwanza. Msikate mshahara kwa hasira. Kama boma ni bovu, kosa ni la kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani anachunga mifugo ya kikundi chetu, na je, sote tunalijua jina lake na kwao?

2. Mara ya mwisho alipumzika siku gani? Akiugua usiku, nani atampeleka hospitali?

3. Mwaka uliopita walikufa kondoo wangapi, na mchungaji alisema sababu ni nini?

4. Je, kuna mtoto wa kijiji chetu anayechunga wakati wa shule? Tutamsaidiaje yeye na wazazi wake?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi, mbele ya mchungaji. Baada ya miezi sita yafungueni tena mwone ni yapi mmetimiza. Mungu awabariki katika kazi yenu.